Vidole vilivyojikunja: jibu kwa mama wa Mafinga

Swali: "Kamwene mtaalamu. Mimi ni mama wa hapa Mafinga. Mwishoni mwa Mei nilinunua vifaranga 60 wa chotara wa siku moja. Nilianza nao kwa chakula cha dukani, kilo 10 za kupimiwa. Kilipoisha, siku ya kumi hivi, nikaendelea na pumba za mahindi na paraza (mahindi yaliyovunjwavunjwa). Sasa wana wiki nne. Wengine wamekalia vifundo, hawasimami, vidole vimejikunja kama ngumi, lakini wanakula. Wamekufa tisa, na kumi na wanne wako chini. Muuza dawa alisema ni kuhara damu, akanipa dawa ya kuweka kwenye maji. Nimewapa siku kumi, na nikazidisha kidogo wapone haraka. Jirani anasema ni mdondo, niwachinje wote. Mwingine anasema ni vitamini. Nimsikilize nani? Na niwape chakula gani, maana cha dukani kimenishinda bei?"

Kamwene, mama, na pole sana. Vifaranga tisa ni hela, na ni usiku mwingi wa kuamka kuchochea mkaa kwenye baridi ya Mufindi. Nitakujibu kwa urefu, ila yapo ya kufanya leo kabla jua halijazama, kwa hiyo nayatanguliza. Usichinje. Ile dawa ya kuhara damu iondoe kwenye maji sasa hivi na uoshe vyombo. Wale kumi na wanne wahamishie kwenye boksi lao lenye maranda makavu, karibu na joto, chakula na maji viwe mbele ya midomo yao. Kifaranga asiyesimama hufa kwa kiu na kwa kukanyagwa na wenzake, mara nyingi kabla ugonjwa wenyewe haujammaliza. Ukishafanya hivyo, endelea kusoma.

Jirani wa pili ndiye aliyekaribia ukweli. Kilichonielekeza huko ni maneno yako mawili: vidole kujikunja kama ngumi, na "lakini wanakula". Mdondo, yaani kideri (Newcastle), haumwachii kuku hamu ya kula. Ukiingia kwenye banda lisilochanjwa, kuku wanajikunyata, wanakoroma kifuani, wanahara kijani, shingo za wengine zinapinda, na ndani ya siku chache banda linabaki na wachache. Wako wamekuwa wakianguka mmoja mmoja, macho maang'avu, kila mmoja akitaka kufika kwenye sahani. Hiyo ndiyo sura ya upungufu wa vitamini B2.

Usiniamini kwa maneno tu, thibitisha mwenyewe. Mchukue mmoja wa walioanguka, mlaze chali kwenye kiganja chako penye mwanga. Tazama miguu yote miwili. Vidole vimeingia ndani kama vya mtoto mchanga aliyelala? Vikunjue taratibu kwa kidole chako. Ukiviachia, vinarudi kujikunja. Tazama kama miguu imelegea pande zote mbili. Sikiliza kifua, asiwe anakoroma. Fungua mdomo, pasiwe na ute wala utando. Mpapase gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo: limejaa? Ukikuta gole limejaa na miguu haina nguvu, una kifaranga anayekula asichokihitaji.

Yapo magonjwa mengine ya miguu unayopaswa kuyatofautisha. Mahepe (ugonjwa wa Marek) humfanya kuku anyooshe mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kama anayeruka mtaro, na kwa kawaida huonekana baada ya mwezi mmoja na nusu, kwa kuku ambao hawakuchanjwa siku waliyototolewa. Upungufu wa vitamini B1 huvuta kichwa nyuma mpaka kifaranga anatazama angani. Upungufu wa vitamini E hupiga zaidi kati ya wiki ya pili na ya nne: kifaranga anapepesuka, anaanguka ubavu, kichwa kinajipinda chini ya kifua, na mara nyingi ukiuliza utasikia alikuwa anakula pumba au mashudu yaliyochacha mafuta. Kama kati ya wako kumi na wanne wapo wenye kichwa kilichovutwa nyuma, jambo hilo linaweza kuwa limetokana na dawa uliyowapa. Nitalifikia.

Mwanzoni mwa kazi yangu, upande wa Makambako, mama mmoja aliniletea habari ya kuku waliolegea miguu. Nikamwambia kwa uhakika wote, nunua vitamini. Sikwenda kuwaona. Ulikuwa mdondo, na siku ya nne alikuwa amebakiza majogoo mawili. Tangu hapo kila ninayemwambia "hii ni vitamini" namwambia pia awatenge wagonjwa kama vile ni ugonjwa wa kuambukiza, mpaka zipite siku tano bila kukohoa wala kuhara kijani. Nawe fanya hivyo. Anza kuwahudumia wazima, malizia kwa wagonjwa, nawa mikono na ubadili viatu.

Sasa hiyo dawa. Chukua pakiti uisome. Kama imeandikwa amprolium, na nyingi za kuhara damu zimeandikwa hivyo, basi elewa inavyofanya kazi. Vimelea vya kuhara damu vinahitaji vitamini B1 ili viishi. Amprolium imetengenezwa ifanane na B1, kimelea kinaimeza kikidhani ni chakula, kinakufa njaa. Ni dawa nzuri sana ikitumika kwa kipimo. Lakini ukizidisha, au ukapitisha siku, anayedanganywa si kimelea peke yake. Kifaranga mwenyewe naye anaanza kukosa B1. Siku kumi za dawa iliyozidishwa, juu ya pumba tupu, ni kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha piga magoti. Na kwenye maelezo yako yote hujataja damu kwenye kinyesi, wala maranda kulowa rangi ya udongo mwekundu. Bila damu, na bila mtu kupima kinyesi, sioni kilichomfanya muuzaji aseme ni kuhara damu.

Siku ukipata kuhara damu kwa kweli, maliza dawa kwanza kwa siku zilizoandikwa, kisha ndipo utoe vitamini. Ukivichanganya kwenye ndoo moja, B1 ya kwenye vitamini inaiondolea dawa makali yake na unakuwa umemwaga hela mbili kwa pamoja.

Vitamini gani ununue? Duka la dawa za mifugo lina unga wa vitamini mchanganyiko wa kuyeyusha kwenye maji. Geuza pakiti, soma orodha nyuma. Unatafuta B2, ambayo huandikwa pia riboflavin, pamoja na B1, A, D3 na E. Ukikuta kwenye orodha hiyohiyo oxytetracycline au antibiotiki nyingine, irudishe kaunta. Madukani zimejaa pakiti zenye neno vitamini kwa herufi kubwa na antibiotiki kwa herufi ndogo, na vifaranga wako hawana sababu ya kupewa antibiotiki kwa ajili ya vidole.

Ila maji peke yake hayatawafikia walioanguka, na kwenye baridi hii hata wazima hawanywi maji ya kutosha. Kwa hiyo wale kumi na wanne wape mkononi. Kiasi kinachojulikana kumwinua kifaranga mwenye upungufu wa B2 ni mikrogramu 100, mara moja kwa siku, siku mbili mfululizo, kisha chakula chenye B2 ya kutosha kiendeleze kazi. Duka la dawa za binadamu lina vidonge vya B komplex. Vinatofautiana, kwa hiyo soma boksi; vingi vina miligramu 2 za B2 kila kidonge. Miligramu 2 ni mikrogramu 2,000, yaani dozi ya vifaranga 20. Saga kidonge kimoja kiwe unga kabisa, tia kwenye mililita 20 za maji safi ya uvuguvugu, tikisa mpaka maji yawe ya njano. Hiyo njano ndiyo B2 yenyewe. Kila kifaranga anapata mililita 1 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mshike wima, usimlaze, weka ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, dondosha tone, subiri ameze, dondosha lingine. Ukimsukumia kwa haraka, maji yanaingia kwenye njia ya hewa na utamuua kwa mkono wako. Tikisa bomba kila unapohamia kwa mwingine, maana B2 inapenda kutuama chini. B2 na B1 zikizidi kidogo hutoka na mkojo wa kuku, kwa hiyo usiogope kurudia siku ya tatu.

Kwa wote waliobaki weka unga wa vitamini kwenye maji kwa kipimo cha pakiti, siku tano hadi saba. Changanya asubuhi, maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, kiasi cha kuisha mapema, na chombo kikae kivulini. Mwanga unaiharibu B2. Maji yaliyokaa dirishani kutwa yanaweza kubaki na rangi hafifu tu. Jioni mwaga yaliyobaki. Na usiendelee mwezi mzima kwa kudhani zaidi ni bora, kwa sababu A na D hazitoki na mkojo. Zinajikusanya kwenye ini na mwilini, na zikizidi nazo ni sumu.

Utegemee nini? Walioanguka jana na juzi, wengi nategemea uwaone wamesimama ndani ya siku chache. Walioanguka mapema zaidi, mishipa ya fahamu ya miguu yao imeshavimba na kuharibika, na hapo vitamini haina la kufanya tena. Ukifika siku ya saba kifaranga bado amekaa kwenye vifundo, huyo hatapona. Ni huruma kumchinja kuliko kumwacha ajiburuze, lakini usimpike kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti ya ile dawa kwisha.

Nije kwenye chakula, kwa sababu hapa ndipo vifaranga wako walipougulia, na usipoparekebisha, mwezi ujao utaniandikia tena.

Kifaranga wa wiki nane za mwanzo anahitaji kama miligramu 3.6 za B2 kwenye kila kilo ya chakula. Kilo ya mahindi ina kama miligramu 1. Pumba inazidi kidogo tu. Protini, anahitaji asilimia 18 hadi 20. Pumba ya mahindi ina kama 10, na ndani yake nyuzi nyingi ambazo utumbo mdogo wa kifaranga hauwezi kuzivunja. Ndiyo maana unakuta gole limejaa na kifua kimekatika kama kisu. Kuku wa kienyeji anayezurura nyuma ya koo hajikunji vidole kwa sababu mama yake anamfukulia mchwa, funza na majani machanga kutwa nzima. Wako wamefungiwa chumbani. Hawana mchwa, wana ile sahani tu.

Na B2 ni kengele iliyolia kwanza. Nyuma yake kuna nyingine. Mahindi yetu ya Nyanda za Juu Kusini ni meupe, na mahindi meupe hayana karibu chochote cha kumpa kuku vitamini A. Ya njano ndiyo yanayo. Kama una mitetea inayokula pumba na paraza wakati wa kiangazi, vunja yai uone kiini kilivyopauka. Kiini hicho kinakuambia majani yamepungua, na kuku anayekaa hivyo miezi mingi huvimba macho, yanatoka uchafu mzito kama jibini, na watu wanamtibu mafua mpaka anakufa. Dawa ya hilo huhitaji kuinunua dukani: ni mchicha, matembele, majani ya maboga, chainizi, sukuma wiki. Kwa wadogo, katakata laini kama unavyokata kisamvu, kiganja kimoja kwa vifaranga wote, mara moja kwa siku, baada ya kula chakula chao na si kabla. Kwa wakubwa funga kicha, kitundike urefu wa kuku kuinua shingo. Wataking'ang'ania, na hawatakuwa na nafasi ya kudonoana manyoya.

Vitamini D ni jua. Najua Mafinga ya Juni: ukungu mpaka saa nne, kila mtu amefunga madirisha. Lakini jua linalopita kwenye kioo halimtengenezei kuku vitamini D. Ukifika saa tano ukungu umeachia, watoe nje kwenye kizuizi cha wavu mahali pasipo na upepo, nusu saa inatosha, kisha warudishe kwenye joto. Hapo hapo fungua chumba hewa ya mkaa itoke. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa linaua vifaranga kimyakimya, na linaweza kumuua na aliyeingia kuwaangalia.

Umesema chakula cha dukani kimekushinda bei. Nakuelewa, ila tupige hesabu pamoja kabla hujaamua. Chotara anakula kama kilo 2 kwa wiki nane za mwanzo, na nusu ya kwanza ya muda huo anakula kidogo sana. Walio hai ni 51. Kuanzia sasa mpaka wiki ya nane kila mmoja atahitaji kama kilo moja na nusu kasoro kidogo. Jumla ni kama kilo 70, mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Hiyo ndiyo gharama yote ya kipindi ambacho mifupa, mishipa na misuli vinajengwa. Baada ya hapo unaweza kubana matumizi na kuku akavumilia. Kabla ya hapo havumilii. Kama mfuko mmoja na nusu hauwezekani, ushauri wangu wa kweli, ingawa si mtamu: subiri wiki mbili zipite bila mgonjwa mpya, uza wazima ishirini, ubaki na thelathini wanaokula ipasavyo. Thelathini walioshiba watakupa mayai mengi kuliko hamsini wa pumba.

Ununue mfuko ambao umeandikwa "starter" au "chick mash". Chakula cha kutagia usiwape hata kikiwa cha bei ya chini: kina kalisi (kalsiamu) asilimia 3.5 hadi 4, wakati kifaranga anahitaji kama 1, na ile inayozidi inaharibu figo. Tazama tarehe ya kutengenezwa. Vitamini zilizo ndani ya chakula hupungua kila wiki, na joto, unyevu na mwanga huharakisha. Mimi sipendi kilichozidi mwezi mmoja hivi. Na kile cha kupimiwa kutoka kwenye mfuko uliokaa wazi mlangoni, kama zile kilo zako 10, hujui kimefunguliwa lini. Nunua mfuko uliofungwa, hata kama ni kwa kuchanga na jirani mkagawana. Ingiza mkono ndani: kiwe baridi, kisishikane madonge. Kinuse: kikiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha au ya ukungu, achana nacho. Nyumbani kiweke juu ya vipande vya mbao, si sakafuni, mbali na ukuta. Mbao Mafinga hazina shida.

Wabadilishie taratibu kwa siku tatu au nne, kila siku ukipunguza pumba. Na kama una ng'ombe au jirani anauza maziwa, kikombe cha maziwa mgando kikichanganywa kwenye chakula chao cha asubuhi kinawaongezea B2. Kiasi kidogo tu, maana yakizidi wanahara.

Kuanzia wiki ya tisa unaweza kuchanganya mwenyewe, na huku kwetu vitu vipo: mahindi yako mwenyewe, mashudu ya alizeti kwenye mashine za kukamulia, soya ya Njombe na Ruvuma, dagaa sokoni. Kwa kilo 100 za chakula cha kukuzia weka mahindi ya paraza kilo 45, pumba za mahindi 20, mashudu ya alizeti 20, soya 6, dagaa waliosagwa 5, mifupa iliyosagwa 2, chokaa ya mifugo kilo 1 na robo, chumvi robo kilo, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo au kadiri pakiti inavyosema. Ikiwa chini ya nusu, jazia kwa pumba. Ukipiga hesabu protini inafika karibu asilimia 16, inayowatosha. Wakianza kutaga, toa kilo 9 za pumba, mahali pake weka chokaa kilo 6, soya 2 na dagaa 1, na premiksi iwe ya kutagia.

Soya lazima ikaangwe. Mbichi ina kitu kinachozuia utumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo kuku anakula na kukonda. Kaanga mpaka ganda lipasuke na jiko linukie kama karanga, halafu usage. Dagaa wajaribu kwa kuwatia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji: mchanga utazama chini na utajua umelipia kilo ngapi za ufukwe. Kama ni wale wa chumvi, acha kuongeza chumvi nyingine. Mashudu yawe ya alizeti na yasiwe yamechacha. Ya pamba yana sumu yake, na hata kwa kiasi kidogo hubadili rangi ya kiini cha yai.

Ila sehemu inayoharibiwa na wengi ni premiksi, na ndiyo yenye vitamini zote tulizozungumza. Nimewaona watu wanaimwaga juu ya rundo, wanageuza na koleo mara mbili, wanajaza mifuko. Nusu kilo ndani ya kilo 100 haitaenea hivyo. Kuku mmoja anakula rundo la vitamini, mia wengine hawapati kitu. Chukua beseni, changanya premiksi na chumvi kwenye kilo 2 za unga wa mahindi kwa mikono mpaka rangi iwe moja. Hiyo changanya na kilo 10 za paraza. Hiyo sasa ndiyo uimwage kwenye rundo, ugeuze kutoka upande huu kwenda ule mara tano. Changanya cha wiki mbili au tatu, si cha miezi mitatu.

Mahindi yaliyoota ukungu usiyapeleke bandani eti kwa kuwa watu hawayali. Sumukuvu humwangamiza kuku ini, na ini ndilo ghala la vitamini A. Ni sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Pia, kwa kuwa siku hizi parachichi limejaa kuanzia Rungwe mpaka Mufindi, maganda yake, kokwa na majani yasifike kwenye banda, kwani yana sumu kwa ndege. Vivyo hivyo viazi mviringo vilivyogeuka kijani na maganda yake.

Hujataja chanjo. Kama hawa hawajapata ya mdondo, usiwachanje wiki hii wakiwa wadhaifu. Wakishasimama na kula vizuri, wapatie I-2, tone moja jichoni, na urudie kila miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, na chupa moja inachanja kuku wa majirani kadhaa, kwa hiyo mpangilie siku moja mgawane gharama. Huyo jirani aliyekuambia uchinje umuite naye.

Jumamosi ijayo asubuhi wahesabu upya: wangapi wamesimama, wangapi bado, wangapi wapya. Kama hakuna mpya, uko kwenye njia. Kama wanazidi kuanguka pamoja na vitamini na chakula kipya, au ukasikia kukohoa, mchukue aliyekufa usiku huohuo, au mmoja aliye taabani, umpeleke kwa afisa mifugo wa wilaya au maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari) pale Iringa. Aliyekufa umfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, umweke kwenye ndoo yenye barafu bila kumgandisha, na ubebe pamoja naye pakiti ya ile dawa na kiganja cha pumba waliyokuwa wanakula.